Maine: Mgombea alikaa miaka 18 na fuvu la Wanazi kifuani. Wapiga kura wa Democratic wamegawanyika, na sisi tuliopo huku tunasemaje?

Mkazi_wa_Portland (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu, mwishoni mwa Oktoba 2025. Nimeona suala hili likiguswa juu juu kwenye uzi mwingine wa siasa za Marekani, watu wakacheka kidogo na kupita. Naomba tulikalie, kwa sababu baadhi yetu tunaishi kwenye jimbo lenyewe, tuna uraia na tunapiga kura.

Kwa wasiofuatilia. Graham Platner ni mfugaji wa chaza kutoka Sullivan, mji mdogo wa pwani ya Maine. Alikuwa mwanajeshi wa Marines, askari wa majini wa Marekani, akapelekwa Iraq mara tatu, baadaye akaingia jeshi la nchi kavu na kwenda Afghanistan. Agosti 2025 alitangaza kuutaka useneta kwa tiketi ya Democratic ili amng'oe Susan Collins wa Republican, mama ambaye yumo kwenye kiti hicho tangu 1997. Kwa lugha yake ya kuwapinga matajiri wanaoshika siasa, na kwa kudai matibabu ya serikali kwa kila raia, alipaa ghafla. Seneta Bernie Sanders akamuunga mkono, wakapanda jukwaa moja hapa Portland Septemba mosi. Oktoba 14 gavana wetu Janet Mills naye akajitosa, akiungwa mkono na wakubwa wa chama kule Washington, Chuck Schumer, kiongozi wa Democratic katika Seneti, akiwa mbele yao.

Hapo ndipo mambo ya kale yakaanza kufukuliwa. Kwanza maandishi yake ya zamani mtandaoni, ambayo ameyaombea radhi. Kisha tatuu. Mwenyewe aliizungumzia kwenye podikasti kabla wapinzani hawajaitoa, na ikaonekana video yake harusini akicheza bila shati: fuvu na mifupa, upande wa kifua. Maelezo yake ni kwamba mwaka 2007, akiwa likizo Split, Croatia, na wenzake wa kikosi cha bunduki za rashasha, walilewa, wakaingia kwa mchoraji wakachagua fuvu la ukutani lililowavutia. Anasema hakujua kwamba linafanana na nembo ya Wanazi mpaka alipoanza kuulizwa wakati huu wa kampeni. Ameshaifunika kwa mchoro mwingine, fundo la Kiseltiki lenye picha ya mbwa.

Nembo yenyewe inaitwa Totenkopf. Fuvu la namna hiyo lilivaliwa na wapanda farasi wa Prussia tangu karne ya 18, kwa hiyo si Hitler aliyelibuni. Lakini SS, jeshi la chama cha Wanazi, walilitia kwenye kofia zao, na kikosi cha SS kilichopewa kazi ya kulinda kambi za mateso kilibeba jina hilohilo. Mfungwa wa Dachau au Buchenwald aliyeinua macho kumtazama mlinzi, hilo ndilo fuvu aliloliona.

Msimamo wangu nauweka wazi ili tusizungukane. Ule usiku wa Split simhukumu nao. Kijana wa Marines aliyetoka vitani, amelewa, yuko nchi ya watu, anaweza kuchora lolote. Ninachouliza ni ile miaka 18 iliyofuata. Mtu huyu amesoma, ameishi Washington, na walio karibu naye wanasema anapenda historia ya vita. Aliyekuwa mkurugenzi wake wa siasa, ambaye alijiuzulu kwa sababu ya yale maandishi, amesema hadharani kwamba huenda hakujua siku anachorwa, ila kwa miaka mingi amekuwa akijua na alipaswa kuifunika. Platner anakanusha kwamba alijua. Mmoja kati ya hao wawili hasemi kweli, na mimi mpiga kura nina haki ya kujua ni yupi kabla sijampa mtu miaka sita Seneti.

Karibuni. Naomba hoja, matusi tuyaache.

Kisiwani_Ukerewe

Mkuu, mimi niko Mwanza na siasa za huko nazisikia redioni tu. Kinachonishangaza ni chama. Kwetu mtu akishinda kura za maoni halafu likaibuka jambo kama hili, Kamati Kuu inaketi na jina linakatwa, kwisha. Hao Democratic hawana kikao cha kulikata jina?

Mkazi_wa_Portland

Hawana, kaka. Huku chama hakiteui mgombea wala hakikati jina. Anayetaka useneta anakusanya sahihi za wanachama waliojiandikisha, hapa Maine zisizopungua 2,000, jina linaingia kwenye karatasi, na wapiga kura ndio wanaomaliza kazi kwenye mchujo wa Juni 9, 2026. Schumer anaweza kumtafutia Mills fedha na kumpigia debe, ila hana kalamu ya kumfuta Platner. Ndiyo maana mgawanyiko unaonekana hadharani namna hii: hakuna mzee wa chama wa kuumaliza chumbani.

Koplo_Mstaafu254

Niruhusuni niongee kama mtu aliyevaa gwanda za Marekani. Mimi ni mzaliwa wa Nakuru, nimetumikia jeshi la huku na uraia niliupatia humo.

Mafuvu jeshini ni mengi sana. Yako kwenye beji za vikosi, kwenye magari, kwenye mabega ya watu. Kijana anaona fuvu, anaona kifo anachoishi nacho kila siku, anachora. Kwa hiyo mtu akiniambia Marine wa 2007 alichora fuvu bila kujua chanzo chake, namwamini bila shida.

Lakini niongeze jambo ambalo wengi hawalikumbuki. Mwaka 2012 ilisambaa picha ya wadunguzi wa Marines, iliyopigwa Afghanistan 2010, wamesimama mbele ya bendera ya Marekani na chini yake bendera nyingine yenye herufi mbili za SS, zilezile za umeme. Jeshi lilisema vijana hawakuwa na nia ya ubaguzi, kwamba walizichukua kama kifupi cha jina la kazi yao ya udunguzi. Iliandikwa kwenye magazeti yote, jumuiya za Wayahudi zikalalamika, jeshi likaomba radhi. Platner mwenyewe anasema alipitia uchunguzi wa mwili alipojiunga na jeshi la nchi kavu na hakuna aliyemwambia kitu. Sawa, hiyo inanionyesha uzembe wa wakaguzi. Ila baada ya sakata la 2012, askari yeyote mwenye mchoro wa namna hiyo alikuwa na sababu ya kujitazama kwenye kioo na kuuliza.

Kwa hiyo kwangu mimi usiku wa Croatia umesamehewa. Baada ya 2012 ndipo ninapoanza kupata shida naye.

MamaNeema_Lewiston

Kaka Koplo ahsante, umeeleza vizuri. Mimi nitawatoa kidogo kwenye fuvu.

Nyie wanaume mmekaa kwenye mchoro, mimi kilichoniumiza ni maandishi. Mwaka 2013 huyu bwana aliandika kwamba watu wanaoogopa kubakwa wajiwajibishe, wasilewe kupita kiasi. Mwaka huohuo akauliza kwa nini watu weusi hawaachi bakshishi. Mimi nimefanya kazi ya kuhudumia meza katika nchi hii. Najua maneno hayo yanavyosemwa jikoni wakidhani huwasikii.

Ameomba radhi, amesema alikuwa katika kipindi kibaya baada ya vita, na kwamba mtu yule si yeye wa leo. Naamini vita vinaharibu akili. Mume wangu alikuwa Goma miaka ile, nafahamu mtu anavyorudi nusu. Lakini sikubali jambo moja: kila kukizuka kitu, jibu ni lilelile, vita. Maandishi ni vita, mchoro ni pombe na vita. Wapo wanawake waliobakwa ndani ya jeshi hilohilo, nao walikuwa vitani, na hawakuandika kitu cha kumdharau mtu.

Mills nampa namba moja. Februari 2025 alisimama Ikulu mbele ya Trump, akatishiwa kunyimwa fedha za serikali kuu, akamjibu tutaonana mahakamani. Na akaenda kweli. Mama wa miaka 77 hakutetemeka.

Bukavu_kwa_Maine

Ndugu zangu, mimi niko upande mwingine na nitasema bila kuficha.

Nimefika Portland 2019, mwaka ule tuliolala ndani ya uwanja wa Expo, Wakongo na Waangola, kitanda kwa kitanda. Watu wa mji walituletea nguo, chakula, wakatufundisha baridi. Nimekaa hapa, nina watoto watatu, nafanya kazi ya kutunza wazee majumbani. Kodi ya nyumba imenipita kimo. Bima ya afya sitaki hata kuisema. Kwa miaka yote hiyo hakuna mwanasiasa aliyesimama akasema wazi kwamba tatizo ni wenye fedha wanaonunua sheria, mpaka huyu mfuga chaza. Na kuhusu Gaza alisema wazi kwamba ni mauaji ya kimbari, bila kuogopa, wakati wenzake wanauma midomo.

Mnaniambia nimwache kwa sababu ya mchoro alioufunika tayari? Hao waliofukua walikuwa wapi Agosti na Septemba? Mills ameingia Oktoba 14, na ndani ya siku chache tu mafaili yote yakawa mezani. Mimi si mtoto. Alipokwenda Ogunquit, siku ileile aliyosema ameifunika, ukumbi ulijaa na watu wakasimama kumpigia makofi. Chuo Kikuu cha New Hampshire kimetoa utafiti wa maoni, yeye asilimia 58, Mills 24. Hao ni watu wa Maine wenyewe, na wengi wao ni wazee weupe ambao baba zao walipigana na Wanazi.

Mkazi_wa_Portland

Ndugu wa Bukavu, nakuheshimu na hoja ya kodi naiishi pia. Ila tahadhari moja kuhusu utafiti huo: maswali yaliulizwa kati ya Oktoba 16 na 21. Habari ya tatuu ilitoka mwishoni kabisa mwa siku hizo, kwa hiyo wengi wa waliojibu walikuwa hawajaisikia. Unatuonyesha Platner alikuwa na nguvu kiasi gani kabla ya mkasa. Haujatuonyesha lolote kuhusu baada yake.

Na wakati wa kufukua, nakubaliana nawe kwamba haukuwa wa bahati nasibu. Kampeni zina watu wanaolipwa kwa kazi hiyo. Lakini faili likiwekwa mezani na adui yako bado ni faili. Unadhani Collins atakaa kimya ifikapo Oktoba 2026? Mwaka 2020 Biden alishinda Maine kwa takriban pointi tisa, na kwenye karatasi ileile Collins akapata karibu asilimia 51 dhidi ya 42 za Sara Gideon wa Democratic. Leo ndiye seneta pekee wa Republican anayetoka jimbo alilolishinda Kamala Harris. Huyo mama anajua kupika tangazo la televisheni.

Bukavu_kwa_Maine

Gideon ndiye aliyekuwa mgombea safi, aliyechaguliwa na wakubwa wa Washington, mwenye fedha nyingi kuliko Collins, bila tatuu, bila neno baya mtandaoni. Akapigwa. Sasa tunaambiwa turudie dawa ileile.

Koplo_Mstaafu254

Hapo Bukavu umegonga penyewe, lazima nikiri hoja hiyo ni nzito.

Mzee_Mzigua

Wanangu, salaam. Nimesoma yote, mniruhusu.

Mimi ni Mzigua wa Somalia, wale ambao babu zetu walichukuliwa utumwani kutoka pwani ya Tanganyika. Tulikimbia vita tukaingia Dadaab, tukahamishiwa Kakuma, kisha Marekani, na Lewiston ndipo tulipotua. Nasema haya ili mjue kwamba alama ya chuki naifahamu bila kufundishwa na kitabu.

Kabla yetu walifika Wasomali, kuanzia 2001. Oktoba 2002 meya wa wakati ule aliandika barua ya wazi kuwaomba Wasomali wapunguze kuja, akisema mji umeelemewa. Barua ile iliwaita wabaya kama damu inavyoita papa. Januari 2003 kundi la wazungu wabaguzi, wenye kumsifu Hitler, likaitisha mkutano Lewiston dhidi ya Wasomali. Kiongozi wao alikamatwa siku chache kabla, wakatokea watu kama thelathini hivi. Upande wa pili wa mji, katika Chuo cha Bates, walikusanyika maelfu, wengi wanasema elfu nne, kuwapinga. Mimi sikuwepo, nilisimuliwa nilipofika na watu waliosimama kwenye baridi ile. Mwaka 2006 nilikuwepo: mtu alirusha kichwa cha nguruwe ndani ya msikiti wetu wakati wa swala. Na juzi tu, 2023, mtu mmoja alinunua ardhi kule Springfield, kaskazini, akitaka kuifanya kambi ya mafunzo ya Wanazi mamboleo. Watu wake waliandamana Augusta, mbele ya bunge la jimbo. Habari ilipofichuliwa aliiuza akaondoka.

Kwa hiyo mtu akiniambia Wanazi ni mambo ya Ulaya ya zamani, namwambia aje anitembelee.

Sasa, je, Platner ni mmoja wao? Mimi sidhani. Nimemsikiliza anavyosema kuhusu wahamiaji, na mtu wa kundi lile hasemi hivyo. Lakini hili ndilo linalonisumbua. Wale maelfu wa 2003 walikuwa watu wa kawaida wa Maine: wavuvi, walimu, masista wa kanisa. Walitoka kwa sababu hawakuhitaji kufafanuliwa alama ile ina maana gani. Leo nawasikia baadhi ya watu wa aina hiyohiyo wakisema ni mchoro tu. Mgombea akipita, akishinda, maneno hayo yatabaki. Siku atakapokuja mwingine mwenye alama ileile na moyo wake uko kulekule, tutamwambia nini?

Kisiwani_Ukerewe

Mzee shikamoo. Hili sikulijua hata kidogo, nilidhani Maine ni theluji na samaki tu.

Mzee_Mzigua

Marahaba mwanangu.

Jasiri_Minnesota

Mimi si wa Maine ila ni mwanachama wa Democratic na nataka kuwauliza wenzangu swali la haki. Januari 2025, wakati Pete Hegseth anahojiwa na Seneti ili awe waziri wa ulinzi, chama chetu kilizishikia bango tatuu zake: msalaba wa Yerusalemu kifuani, na maneno ya Kilatini ya wapiganaji wa Vita vya Msalaba mkononi. Tulisema mtu hachori mwilini asichokiamini. Wenzake jeshini walikuwa wamemtilia shaka tangu 2021, akaondolewa kwenye ulinzi wa sherehe ya kumwapisha Biden. Hegseth alisema ni imani yake ya Kikristo tu, tukakataa kumsikiliza.

Leo wetu ana fuvu la SS, na tunasema mpeni nafasi, alikuwa kijana. Kipimo ni kimoja au viwili? Wiki hizihizi Republican wamelazimika kumwondoa Paul Ingrassia, aliyeteuliwa na Trump kuongoza ofisi ya kulinda watumishi wa umma, baada ya kufichuka jumbe zake akisema ana upande wa Unazi ndani yake. Maseneta wa chama chake mwenyewe ndio waliomkataa. Inauma kuona Republican wamechora mstari mahali ambapo sisi bado tunajadiliana.

MamaNeema_Lewiston

Jasiri, hapo ndipo hata mimi nimekwama. Mwaka mzima tumewapigia kelele kwa sababu ya mkono alioinua Elon Musk, uliofanana na saluti ya Wanazi, siku ya kuapishwa kwa Trump. Sitaki kuwa mtu anayeona alama kwa jirani tu.

Bukavu_kwa_Maine

Tofauti ipo, na ni kubwa. Hegseth anaitetea tatuu yake mpaka leo, anajivunia. Ingrassia ni maneno ya mtu mzima, ya karibuni, akieleza nafsi yake. Platner amesema ni aibu, ameifunika, anazunguka mji kwa mji anajibu maswali uso kwa uso. Mtu anapimwa na upande anaouelekea. Kama hatukubali kwamba mtu anaweza kutoka pabaya akaja pazuri, basi hata sisi tuliotoka kwenye nchi za vita tusiingize watoto wetu siasa, kwa sababu kila ukoo una mtu aliyebeba bunduki upande usiofaa.

Mkazi_wa_Portland

Maneno hayo ya mwisho yamenigusa, ndugu yangu, na nayachukua kwa uzito. Kutubu kunakubalika. Ila toba huanza na mtu kusema alichokijua na lini alikijua. Kipo chombo cha habari cha Kiyahudi kilichomnukuu mtu aliyemfahamu zamani, akidai Platner mwenyewe aliwahi kuliita fuvu lile kwa jina lake la Kijerumani, miaka zaidi ya kumi iliyopita. Platner anakana kabisa. Angesema, "Nilikuja kujua baadaye, nikaona aibu, nikaahirisha, maisha yakaendelea," mimi kesho ningempa namba moja na kumtafutia kura mtaani kwangu. Ni jibu la kibinadamu, kila mtu angelielewa. Jibu alilotoa linanitaka niamini kwamba mpenzi wa historia ya vita aliishi na alama hiyo kifuani miaka 18, akavua shati ufukweni na harusini, na hakuna siku alijiuliza.

Nitakalofanya ni hili. Anafanya mikutano ya wazi karibu kila wiki, na anapokea maswali bila kuyachuja, hilo nampa sifa yake. Nitakwenda utakaokuwa karibu na Portland nimuulize mambo mawili: ni mwaka gani alitambua, na yuko tayari kukutana na watu wa misikiti ya Lewiston na masinagogi ya Portland, bila kamera, awasikilize? Mills naye nina swali lake: atakuwa na miaka 79 akiapishwa, amesema atakaa kipindi kimoja tu. Nani anaandaliwa kushika baada yake, au kiti tutakirudisha sokoni baada ya miaka sita?

Mzee Mzigua, ukiridhia tungekwenda pamoja. Uzito wako hauko kwangu.

Mzee_Mzigua

Nitakwenda. Nipigie siku ikijulikana, ila isiwe Ijumaa mchana.

Bukavu_kwa_Maine

Nami nipeni nafasi kwenye gari. Nikiwa upande wake haimaanishi sitaki kusikia jibu.

Mgeni_Auburn

Samahani kwa kuingia mwishoni. Mimi uraia nimeupata mwaka huu, sijajiandikisha chama chochote. Naruhusiwa kupiga kwenye huo mchujo wa Juni? Na hiyo habari ya "namba moja" mnayoitaja ni nini?

Mkazi_wa_Portland

Hongera sana kwa uraia, dada au kaka. Unaruhusiwa. Maine sasa inamkubalia mpiga kura asiye na chama kuchagua karatasi ya chama kimoja siku ya mchujo, bila kuwa mwanachama. Hata kama bado hujajiandikisha kupiga kura kabisa, unaweza kufanya hivyo siku ileile ukiwa na kitambulisho na uthibitisho wa unapoishi, lakini nakushauri uende mapema ofisi ya karani wa mji, Juni foleni huwa ndefu.

Na namba ni hivi: hapa mchujo tunapanga wagombea kwa upendeleo. Unampa mmoja namba moja, mwingine mbili, na kuendelea. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anaondolewa na kura zake zinahamia kwa waliopewa namba inayofuata. Si lazima uwapange wote. Usiyemtaka kabisa unamwacha bila namba.